Mkanda wa Bibi Mlangoni pa Kiwanja

Mjomba aliuinua mkanda dirishani, maji yakiwa bado yanachuruzika, akautazama toka ncha hadi ncha bila kusema neno. Mimi nilisimama nyuma yake kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Mwisho akauliza, "Mjomba, huu mkanda uliupitisha wapi?"

"Nilikwenda nao kwa Bibi, nikarudi nao."

"Ulirudi na basi?"

"Nilirudi na ndege."

Akaguna. Akauning'iniza kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, akajifuta mikono. "Basi umeshapigwa eksirei huu," akasema, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Ndugu msomaji, mkanda huo ulikuwa na picha 36, na zote, ukiacha mbili tatu za mbuzi, zilikuwa za Bibi mzaa mama. Bibi hakuipenda simu. Ukimwelekezea simu hugeuza uso, anasema hicho ni kioo cha kuchungulia watu. Lakini kamera ya Mjomba, Yashica kuukuu yenye kamba ya ngozi, aliijua vizuri, maana enzi za usichana wake mtu alivaa, akajipaka mafuta, akaenda studio kukaa mbele ya kitu kama kile. Basi alipoiona alifunga kitambaa chake upya, akajiweka sawa kitandani, akaniambia, "Haya mume wangu, piga."

Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo tu, na jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, flashi ikimuumiza. Ndiyo maana niliweka mkanda wa kasi, Ilford Delta 3200, ambao mgeni mmoja mpiga picha alinigawia. Mkanda wa namna hiyo unaona hata penye mwanga wa kibatari. Nilipiga siku nne, nikarudi mjini. Wiki tano baadaye Bibi akafariki, na mkanda ulikuwa bado haujasafishwa kwa sababu sikuwa na pesa ya dawa.

Simlaumu mtu. Kiwanja nilichopandia ndege sitakitaja, na kosa lilikuwa langu: niliutumbukiza mkanda kwenye begi kubwa, chini ya maharage niliyopewa. Begi likapita kwenye mashine ya mlangoni, kisha likachukuliwa na kupita tena huko ndani nisikokuona. Lakini hasira nilikuwa nayo, na hasira ikanifanya niulize. Nani aliiweka ile mashine pale? Lini? Alikuwa anaogopa nini? Mimi nimeishia kidato cha nne, na riwaya ninayoihangaikia miaka miwili sasa inahusu mpiga picha wa studio, kwa hiyo nikajiambia hii nayo ni kazi. Nikaingia maktaba, nikachimba na mtandaoni, na jioni nikamchosha Mjomba kwa maswali. Kumbe kisa chenyewe ni kirefu kuliko riwaya yangu.

Kinaanza Ujerumani, gizani. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akijaribu umeme ndani ya bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi nyeusi. Pembeni kulikuwa na kipande kilichopakwa dawa, nacho kikaanza kumeremeta, ingawa hakuna mwanga wowote uliokuwa unatoka. Kitu kilikuwa kinapenya ile karatasi. Hakukijua, akakiita X, kama tunavyofanya sisi kwenye hesabu tukishindwa. Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, Anna Bertha, akamwambia aweke mkono juu ya bamba la picha. Bamba liliposafishwa ikaonekana mifupa ya vidole, na pete nyeusi kwenye kidole kimoja. Mwaka 1901 Röntgen akapata tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel katika fizikia.

Hapa naomba tusimame kidogo. Toka mwezi wa kwanza wa maisha yake eksirei ilijulikana kwa kupitia picha. Wale wawili ni ndugu wa tumbo moja, na kama ndugu wengi, mmoja humdhuru mwenzake bila kukusudia. Mwaka uliofuata, 1896, Henri Becquerel wa Paris aliweka bamba za picha, zimefungwa vizuri kwa karatasi nyeusi, ndani ya mtoto wa meza pamoja na chumvi za urani. Alipozisafisha akakuta zimeungua. Mpiga picha wa kawaida angetukana na kuzitupa. Yeye akakaa akafikiri, na kutokana na bamba zile zilizoharibika dunia ikajua kwamba yapo madini yanayotoa miale yenyewe, bila kuchochewa na jua wala umeme.

Kisa kingine kinachofanana na hicho ni cha mwaka 1945. Kampuni ya Kodak iliona mikanda yake ya hospitalini inatoka na madoa meusi. Mwanasayansi wao, Julian Webb, akafuatilia hadi kwenye makaratasi magumu ya kufungia, yaliyotengenezwa kiwandani Indiana. Makaratasi yalikuwa yamechafuliwa na vumbi la bomu la kwanza la atomiki, lile lililojaribiwa kwa siri New Mexico tarehe 16 Julai mwaka huo, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Serikali ilificha, lakini mkanda ulikuwa umeona.

Mjomba alinieleza sababu kwa lugha ya studio. Ndani ya mkanda, alisema, mna punje ndogo sana za chumvi ya madini ya fedha, zimelala kwenye utando. Mwanga ukizigusa hubadilika, ila huoni kitu hadi utie dawa. Mkanda wa 100 ni mvivu, unataka jua. Wa 400 ni mchangamfu. Wa 3200 ni mwepesi kushtuka, kitu kidogo tu umeamka. Sasa eksirei haibagui. Haipiti kwenye lenzi, haichagui uso wala ukuta, inapiga punje zote mahali popote, na ule mwepesi kushtuka ndio unaoumia zaidi. Tena punje hazisahau. Mashine ya kwanza ikiupiga kidogo, ya pili huongezea juu ya ile ya kwanza, na hesabu inakwenda hivyo hivyo hadi siku ya kusafishwa. Sehemu zenye giza kwenye picha ndizo zinazokufa kwanza, zinakuwa kijivu kama zimeingia ukungu. Na picha za Bibi, msomaji, karibu zote zilikuwa za gizani.

Haya, eksirei ilifikaje kiwanjani?

Zamani watu walipanda ndege kama wanavyopanda basi, tofauti ni suti tu. Hakuna aliyekufungulia begi. Halafu Marekani, kati ya 1968 na 1972, zilitekwa ndege zaidi ya 130. Watekaji wengi walitaka kupelekwa Kuba, na makampuni yaliona heri kutii na kwenda Havana kuliko kuwapekua wateja na kuwaudhi. Uvumilivu ule uliisha baada ya tarehe 10 Novemba 1972. Watu watatu waliiteka ndege ya kampuni ya Southern Airways na kutishia kuiangusha kwenye mitambo ya nyuklia ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Hapo ndipo viongozi waliposhtuka. Kuanzia 5 Januari 1973 kila abiria wa Marekani na kila begi la mkononi ilibidi likaguliwe, na kwa kuwa mikono ya binadamu haitoshi kupekua mabegi yote ya nchi kubwa, zikaletwa mashine za eksirei.

Wapiga picha wakapiga kelele. Ikawekwa kanuni ambayo mimi naiona ya kiungwana: mashine ikizidi kipimo cha milirontgeni 1 kwa ukaguzi mmoja, lazima pabandikwe tangazo la kumtaka abiria atoe mikanda yake yote kwanza, na abiria akiomba mikanda yake ikaguliwe kwa mkono, akubaliwe. Kipimo chenyewe kina jina la Röntgen, mnaona. Maduka nayo yakaleta mifuko yenye risasi ndani, nazungumzia madini ya risasi, eti ukiweka mkanda humo miale haipenyi. Mjomba anao mmoja mpaka leo, anawekea misumari. Anasema faida yake ilikuwa ndogo: mkaguzi akiona kwenye kioo doa jeusi lisilopenyeka, ataliacha hivi hivi? Atalifungua begi, au atalirudisha mara ya pili.

Nilidhani mambo haya ni ya Wamarekani. Sivyo. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilisimama Athens, na wakapanda watu wanne wenye silaha kwenye mizigo yao ya mkononi. Ukaguzi wa pale ulikuwa wa kuzugia. Ndege ile haikufika Paris, ilitua Entebbe, Uganda, ya Idi Amin, na mateka wakakaa huko hadi makomandoo wa Israeli walipovamia usiku wa kuamkia 4 Julai. Wakirudi kwao walitia mafuta Nairobi. Hatua zilizorukwa kwenye mlango mmoja wa Ugiriki zililipiwa kando ya Ziwa Viktoria.

Na kuna ya kwetu, ambayo vijana wa rika langu hawasimuliwi. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Watekaji walikuwa vijana wa Kitanzania na walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, ambako walijisalimisha tarehe 28 na baadaye wakafungwa huko huko. Mjomba alikuwa kijana mdogo wakati ule. Anakumbuka watu wamekusanyika kwenye redio, kila mtu ana habari yake. "Baada ya pale," alisema, "ndiyo nikaanza kuona watu wanapekuliwa kwelikweli." Nilipomsikia, hasira yangu kuhusu begi ilipungua kidogo. Nilikuwa nimedhani ule mlango uliwekwa kunikomoa mimi.

Ila mashine iliyoua mikanda hasa siyo ile ya mkononi. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am 103 ililipuka juu ya mji mdogo wa Lockerbie, Scotland. Walikufa watu 270, kati yao 11 ni wakazi waliokuwa chini, majumbani mwao. Bomu lilikuwa ndani ya redio kaseti ya Toshiba, na redio ilikuwa ndani ya sanduku chini kwenye shehena. Kumbe kumpekua abiria hakutoshi, sanduku nalo liulizwe. Baruti laini ndani ya redio haionekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida, kwa hiyo wakachukua akili ya mashine ya CT, ile ya hospitali kubwa inayokuzunguka na kukuchora vipande vipande, wakaielekeza kwenye masanduku. Mwishoni mwa 1994 Marekani iliidhinisha ya kwanza, CTX 5000 ya kampuni ya InVision. Baada ya 11 Septemba 2001 zikatapakaa, maana sheria ilitaka kila sanduku linalopakiwa Marekani likaguliwe kabla ya mwaka 2002 kwisha.

CT ina mwale mwembamba wenye nguvu. Mkanda ukikutana nao mara moja tu unaweza kutoka na mstari wa ukungu wa upana wa kama sentimita moja, na kwa sababu mkanda umejiviringisha kwenye kibweta chake, mstari ule hujirudia ukipinda kama wimbi. Watengenezaji wakaanza kuandika onyo: usiweke mkanda ambao haujasafishwa kwenye mzigo wa kupakia. Onyo hilo lina miaka mingi sasa, mimi nililisoma nikiwa nimeshachelewa.

Nikiwa katika kusoma hayo nikakutana na jina ambalo Mjomba hulitaja kama wengine wanavyowataja wachezaji mpira: Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Tanganyika, na mwaka 1963 akafungua kampuni yake, Camerapix, pale pale Dar es Salaam. Januari 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na picha zao za njaa ndizo zilizoifanya dunia ifungue mifuko. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kuja nyumbani Nairobi. Vijana watatu wakaiteka. Walitaka kwenda Australia, na rubani, Leul Abate, alipowaeleza kwamba mafuta hayafiki, hawakumwamini. Ndege ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, Mohamed Amin akiwa mmojawapo. Inasimuliwa kwamba hadi dakika za mwisho alikuwa amesimama akibishana na watekaji.

Na silaha zao? Walichukua shoka na mtungi wa kuzimia moto, vitu vya ndege yenyewe. Bomu walilojigamba nalo lilikuwa chupa ya pombe. Wapitishe watu wale kwenye mashine mara kumi, hutaona kitu. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Mtu aliyebeba kamera zake kwenye viwanja vya Afrika nzima aliuawa na hatari ambayo haikuwa ndani ya begi la mtu. Sisemi mashine ziondolewe, jamani. Walioko Lockerbie wasingenielewa. Nasema tu nilipojua hivyo sikuweza tena kuitazama ile mashine kama jicho linaloona kila kitu.

Enzi za kamera za dijitali watu waliacha kulalamika. Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012, na mwaka huo huo wakaacha kutengeneza mkanda wao wa P3200. Nani angebishana na mkaguzi kuhusu kitu kinachokufa? Kumbe hakikufa. Vijana wakaanza kuirudia mikanda, P3200 ikarudi madukani 2018. Lakini imerudi wakati mbaya, kwa sababu karibu mwaka huo huo mashine za CT zilianza kupanda kutoka kwenye shehena na kuja kwenye mlango wa abiria. Watu wanazifurahia kwa kuwa kompyuta inabaki begini. Kodak na Ilford wanaonya kwamba mkanda usipite humo hata mara moja. Kwa eksirei ya kawaida ya mkononi, wa chini ya 800 huvumilia mara kadhaa. Marekani bado ukiomba ukaguzi wa mkono unasikilizwa. Uingereza mara nyingi hukubaliwi. Huku kwetu inategemea umekutana na nani, na umeombaje.

Katika mkanda wa Bibi zimeonekana picha tano. Nne ni za ukungu, unamkisia zaidi ya kumwona. Ya tano niliipiga asubuhi moja alipotaka kutoka nje, amekaa mlangoni anachambua maharage, jua limempiga usoni, na kwa kuwa mwanga ulikuwa mwingi eksirei haikuweza kuumeza. Mjomba aliichapa kwenye karatasi ya mwisho aliyokuwa nayo. Ilimgharimu usiku mzima na karatasi nne zilizoharibika. Maharage yenyewe ndiyo yale aliyonifungia begini.

Mwezi uliopita nimesafiri tena. Safari hii nilikuwa na mikanda mitano, nikaitoa kwenye maboksi, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, nikawahi saa moja na nusu kabla ya wenzangu. Kwenye mashine alikuwapo mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama. Naomba hii usiipitishe, uikague kwa mkono."

"Marahaba. Ni nini?"

"Mikanda ya picha."

"Ya zile kamera za zamani? Bado ipo?" Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akautazama mfuko, akanitazama mimi, akaondoka kwenda kumuuliza mkubwa mwingine. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika, jamaa mmoja akasema, kijana unatuchelewesha na makopo yako. Jasho lilinitoka. Yule mama akachukua kimoja kimoja, akakitikisa sikioni, akakigeuza, akakirudisha.

"Umesema mitano," akaniambia. "Hii ni minne."

Wa tano ulikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa imeshaingia kwenye mashine pamoja na viatu vyangu. Ni wa 200. Mjomba atausafisha Jumamosi.